Picha za Mirihi: Si kila kionekanacho ndicho kilicho

MNAMO Septemba 28, 2015, shirika la anga za juu la Marekani, NASA, liliutangazia ulimwengu habari iliyowasisimua wengi. Lilisema kulikuwa na ushahidi wa maji ya chumvi yanayotiririka kwenye miteremko ya sayari ya Mirihi.

Miaka miwili baadaye, Novemba 2017, watafiti waliochunguza picha za kamera ile ile walitoa maelezo tofauti. Walisema kuwa kilichokuwa kikionekana kikishuka miteremkoni yaelekea kilikuwa mchanga mkavu uliokuwa ukiporomoka.

Hakuna aliyedanganya. Picha zilikuwa halisi, kamera ilikuwa nzima na wataalamu wa pande zote mbili walikuwa wamebobea katika fani yao. Kilichobadilika ni namna picha hizo zilivyosomwa.

Kisa hiki chadhihirisha jambo ambalo aghalabu husahaulika kila tunapoonyeshwa picha za kupendeza kutoka sayari hiyo nyekundu. Picha ni shahidi, na shahidi huhitaji kuhojiwa kabla ya hukumu kutolewa. Je, wanasayansi humhojije shahidi aliye umbali wa mamilioni ya kilomita?

Mirihi ni sayari ya nne kutoka kwa jua. Kipenyo chake ni takriban kilomita 6,780, ikiwa ni zaidi kidogo ya nusu ya kipenyo cha dunia yetu. Umbali wake kutoka hapa hubadilika kadiri sayari hizi mbili zinavyolizunguka jua. Kuna nyakati ambapo huwa kilomita milioni 55 hivi, na nyakati nyingine hupita kilomita milioni 400.

Hakuna binadamu aliyewahi kuikanyaga. Roboti zilizotua huko nazo zimetembea sehemu ndogo mno. Roboti ya Curiosity, kwa mfano, ilitua Agosti 2012, na baada ya miaka 12 ya kujikokota haikuwa imetimiza kilomita 40.

Kwa hivyo, sehemu kubwa ya yale tunayoyajua kuhusu milima, mabonde na nyanda za Mirihi imetokana na vyombo ambavyo havitui. Hivi huizunguka sayari hiyo vikiitazama kutoka juu na kutuma picha nyumbani.

Mifereji isiyokuwapo

Kabla ya enzi ya vyombo hivyo, wataalamu walitegemea darubini zilizosimikwa hapa duniani. Mnamo 1877, mwanafalaki Giovanni Schiaparelli wa Milan, Italia, alichora ramani ya Mirihi iliyokuwa na mistari mirefu. Aliita mistari hiyo kwa neno ambalo katika Kiitaliano laweza kumaanisha mkondo wa asili.

Neno hilo lilipotafsiriwa kwa Kiingereza, likachukua maana ya mifereji iliyochimbwa. Maadamu mfereji huchimbwa na mtu, baadhi ya watu wakaanza kujiuliza ni nani aliyeichimba.

Tajiri mmoja wa Marekani, Percival Lowell, alijenga kituo cha kutazama nyota huko Flagstaff, Arizona, mnamo 1894. Aliandika vitabu akishikilia kwamba Mirihi ilikuwa na viumbe wenye akili waliochimba mifereji ili kusafirisha maji kutoka maeneo ya ncha za sayari yao iliyokuwa ikikauka.

Mifereji hiyo haikuwapo. Jicho la binadamu likitazama madoa hafifu yasiyo dhahiri huyaunganisha na kuyafanya mistari. Lowell aliona kwa dhati alichoamini kuwa amekiona, na maelfu ya wasomaji wakamwamini.

Ndoto hiyo ilizimwa Julai 1965, wakati chombo cha Mariner 4 kilipopita kando ya Mirihi na kupiga picha 21 kamili na sehemu ya picha nyingine moja. Kila picha ilikuwa na nukta 200 kwa 200, yaani nukta 40,000 tu. Simu ya mkononi ya siku hizi hupiga picha yenye mamilioni ya nukta.

Utumaji ulikuwa wa kobe. Picha moja ilichukua saa kadhaa kuwasili. Wahandisi katika maabara ya JPL huko California waliposhindwa kusubiri, walizichapisha tarakimu zilizokuwa zikiingia kwenye karatasi, wakazibandika ukutani na kuzipaka rangi kwa mkono, kila tarakimu na rangi yake. Ndivyo picha ya kwanza ya Mirihi iliyopigwa kutoka karibu ilivyoanza kuonekana.

Picha za Mariner 4 zilionyesha ardhi iliyojaa mashimo ya duara, yaitwayo kreta, yaliyosababishwa na mawe ya angani. Hapakuwa na mfereji wala dalili ya maji. Wengi wakakata kauli kwamba Mirihi ni jangwa lililokufa, mfano wa mwezi wetu.

Uamuzi huo nao ulikuwa wa haraka. Picha hizo zilionyesha takriban asilimia moja tu ya uso wa sayari, na ilisadifu kuwa ni mojawapo ya sehemu zake kongwe zaidi. Ni sawa na mgeni apitaye juu ya Jangwa la Chalbi kwa ndege, kisha aende kwao akasimulie kuwa Kenya nzima haina msitu.

Subira iliyovuta heri

Chombo kilichobadilisha mambo ni Mariner 9. Mnamo Novemba 1971 kiliwasili na kuwa chombo cha kwanza kuizunguka sayari nyingine badala ya kupita tu. Kilipofika, kilikuta tufani ya vumbi iliyoifunika Mirihi yote. Hakukuwa na cha kupigwa picha isipokuwa vumbi.

Waliokiongoza waliamua kusubiri. Katika wingu hilo la vumbi kulionekana madoa manne meusi yasiyosogea. Vumbi lilipotulia wiki kadhaa baadaye, ilibainika kuwa madoa hayo yalikuwa vilele vya milima ya volkeno, mirefu kiasi cha kuchomoza juu ya tufani.

Mmoja wa milima hiyo ni Olympus Mons, wenye urefu wa karibu kilomita 22 kwenda juu na upana wa takriban kilomita 600. Kilimanjaro, mlima mrefu kuliko yote barani Afrika, una mita 5,895. Ingebidi kupanga milima mitatu na nusu ya aina hiyo, mmoja juu ya mwingine, ili kuukaribia Olympus Mons.

Mariner 9 kilituma picha 7,329. Kilifichua bonde kuu ambalo sasa huitwa Valles Marineris kwa heshima yake. Bonde hilo lina urefu wa takriban kilomita 4,000 na kina kinachofikia kilomita 7 katika sehemu fulani. Aidha, picha zilionyesha mikondo mikavu yenye matawi, mithili ya mito iliyokauka.

Msomaji anayetoka Turkana, Marsabit au Garissa hahitaji maelezo marefu kuhusu hilo. Laga ni laga hata isipokuwa na tone la maji. Kingo zake, mikunjo yake na mchanga uliorundikana kwenye kona humwambia mchungaji kwamba maji yalipita hapo, na yalielekea upande gani.

Wanasayansi wa Mirihi husoma mikondo hiyo kwa mantiki iyo hiyo. Maji hayaonekani, ila kazi yake ingalipo. Kutokana na ushahidi huo, leo inakubalika kuwa zaidi ya miaka bilioni tatu iliyopita, maji yalitiririka katika sehemu nyingi za Mirihi.

Kamera ifanyavyo kazi

Chombo maarufu zaidi katika kazi hii ni Mars Reconnaissance Orbiter, kilichorushwa Agosti 2005 na kufika Mirihi Machi 2006. Huizunguka sayari hiyo kikiwa umbali wa kilomita 300 hivi kutoka ardhini, na kila mzunguko huchukua muda usiozidi saa mbili.

Kimebeba kamera iitwayo HiRISE, inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Arizona. Kioo chake kikuu kina upana wa nusu mita. Nukta moja ya picha zake huwakilisha eneo la ardhi lenye upana wa sentimita 30 hivi.

Hata hivyo, nukta moja haitoshi kutambua kitu. Huhitajika angalau nukta tatu hivi kwa upana ili umbo lianze kujitokeza. Kwa hivyo, kitu kidogo zaidi ambacho HiRISE yaweza kukionyesha bayana ni chenye ukubwa wa karibu mita moja, sawa na dawati la shuleni.

Uwezo huo una gharama yake. Picha moja ya HiRISE hufunika ukanda wenye upana wa kilomita 6 tu. Licha ya kufanya kazi kwa miaka mingi, kamera hiyo imepiga picha asilimia ndogo tu ya uso wote wa Mirihi.

Ndiyo sababu chombo hicho kina kamera nyingine, CTX, inayoona ukanda wa kilomita 30 kwa upana, ijapokuwa nukta yake moja ni mita 6. Ipo pia kamera ya tatu inayopiga picha za sayari nzima kila siku kufuatilia hali ya hewa. Moja huona mbali na kwa upana, nyingine huona karibu na kwa undani. Mtaalamu huhitaji zote.

Picha zenyewe hazisafiri kama karatasi. Mwanga unaoingia kwenye kamera hugeuzwa kuwa tarakimu, nazo hutumwa kwa mawimbi ya redio. Japo mawimbi hayo husafiri kwa kasi ya mwanga, huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika duniani, kutegemea umbali wa sayari wakati huo. Kompyuta ndizo huzirudisha tarakimu hizo kuwa picha.

Hapa pana jambo la kuzingatia kuhusu rangi. Picha nyingi za Mirihi zenye buluu au zambarau iliyokolea si jinsi mtu angeiona sayari hiyo kwa macho yake. HiRISE hupokea pia mwanga usioonekana na jicho la binadamu, kisha wataalamu huupa rangi na kuikoleza ili tofauti za miamba na mchanga zidhihirike. Kwa mtafiti, rangi hizo ni alama za kazi.

Kanuni za kusoma

Kanuni ya kwanza ni kujua jua lilikuwa upande gani. Ukitazama picha ya shimo huku ukidhani kuwa mwanga watoka juu, ilhali kwa kweli ulitoka chini, shimo hilo litageuka kilima machoni pako. Mtu yeyote aweza kulijaribu hili: ipindue picha ya kreta, kichwa chini miguu juu, na mara nyingi bonde litainuka kuwa kichuguu.

Kivuli pia ni rula. Jua likiwa nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi, yaani nyuzi 45, kivuli kwenye ardhi tambarare huwa sawa na urefu wa kitu chenyewe. Jiwe lenye kivuli cha mita 10 lina kimo cha mita 10. Jua likiwa mahali pengine, hesabu rahisi ya shuleni hutoa jibu.

Kanuni ya pili ni kulinganisha na kile kinachofahamika. Mlima Longonot una shimo kubwa kileleni, lakini shimo hilo limetokana na volkeno. Limekaa juu ya mlima uliojengwa na majivu na lava. Kreta ya jiwe la angani huwa tofauti: sakafu yake huwa chini ya ardhi inayoizunguka, ukingo wake huinuka, na vifusi hutapakaa pande zote kana kwamba mtu ametupa jiwe kwenye tope.

Kanuni ya tatu ni kuhesabu. Mawe ya angani huanguka bila kuchagua mahali. Kwa hivyo, ardhi iliyokaa wazi muda mrefu huwa na kreta nyingi, na ile iliyofunikwa na lava au mchanga miaka ya karibuni huwa nazo chache. Ni kama barabara ya lami: yenye mashimo mengi ni ya zamani, isipokuwa iwe imekarabatiwa.

Mizani ya hesabu hiyo ilipatikana mwezini. Wanaanga wa mradi wa Apollo walileta mawe kutoka huko kati ya 1969 na 1972. Umri wa mawe hayo ulipopimwa maabarani na kulinganishwa na idadi ya kreta za mahali yalikotolewa, wataalamu walipata kipimo ambacho baadaye kilirekebishwa ili kitumike Mirihi. Ndiyo maana husemwa kuwa nyanda za juu za kusini mwa sayari hiyo ni kongwe kuliko tambarare za kaskazini.

Kanuni ya nne ni kutotegemea picha peke yake. Chombo cha Mars Global Surveyor, kilichofika huko Septemba 1997, kilikuwa na kifaa cha leza kilichopima kimo cha ardhi kote katika sayari hiyo. Mars Odyssey, kilichofika 2001, kilibeba kamera inayohisi joto. Usiku, mwamba huhifadhi joto la mchana ilhali vumbi hupoa upesi, na kwa njia hiyo mtafiti huweza kutofautisha vitu viwili ambavyo mchana hufanana.

Uso uliogeuka kilima

Kukiuka kanuni hizi kumewahi kuzua mambo. Julai 25, 1976, chombo cha Viking 1 kilipiga picha katika eneo liitwalo Cydonia. Katika picha hiyo mlionekana kitu mithili ya uso wa mtu, chenye macho, pua na mdomo, kikitazama angani.

NASA yenyewe iliitoa picha hiyo kwa umma siku chache baadaye, ikieleza kuwa ni mchezo wa mwanga na kivuli. Maelezo hayo hayakusikilizwa na wote. Vitabu viliandikwa, na kukazuka madai kwamba serikali ilikuwa ikificha habari za ustaarabu wa kale.

Tukirejelea kanuni zetu, fumbo linateguka. Jua lilikuwa chini, hivyo vivuli vilikuwa virefu na vikafunika nusu ya kilima. Nukta moja ya picha ilikuwa na upana wa mita 43. Isitoshe, baadhi ya vidoa vyeusi vilitokana na data iliyopotea njiani wakati picha ilipokuwa ikitumwa.

Mars Global Surveyor kilipiga picha eneo hilo Aprili 1998, na tena Aprili 2001 anga ikiwa safi. Safari hii nukta moja ilikuwa mita 1.56. Kilichoonekana ni kilima chenye kilele bapa na kingo zilizomomonyoka. Macho, pua na mdomo vilikuwa vimetoweka.

Michirizi iliyotia watu kiu

Tukirudi kwenye tangazo la 2015, hoja ilikuwa nzito zaidi kuliko ya uso wa Cydonia. Kuanzia 2011, watafiti walikuwa wamechapisha habari za michirizi myeusi, yenye upana wa mita chache, iliyojitokeza kwenye miteremko wakati wa joto. Ilirefuka kadiri siku zilivyosonga, kisha ikafifia wakati wa baridi.

Anayeona mchirizi ukishuka mteremko msimu wa joto na kukauka msimu wa baridi, atafikiria nini isipokuwa maji? Mnamo 2015, kifaa kingine cha chombo hicho kilitoa vipimo vilivyosomwa kuwa dalili za chumvi iliyoshika maji. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikuwa yametanda.

Watafiti wa 2017, wakiongozwa na Colin Dundas wa shirika la jiolojia la Marekani, walifanya jambo rahisi. Walitumia picha zilizopigwa kwa jozi, kila jozi ikilenga mahali pamoja kutoka pembe mbili, kama vile macho yetu mawili yanavyotuwezesha kukadiria umbali. Kwa njia hiyo walipima mwinamo wa ardhi pale michirizi ilipoanzia na ilipokomea.

Walichunguza michirizi 151 katika maeneo 10. Karibu yote ilikuwa kwenye miteremko yenye mwinamo wa zaidi ya nyuzi 27, na ilikoma pale mwinamo ulipopungua. Mchanga mkavu hufanya vivyo hivyo: humiminika penye mwinamo mkali na kusimama unapolegea. Maji yangeendelea kuteremka hata penye mwinamo mdogo.

Jambo hili si la wasomi kubishania vyumbani mwao tu. Maji yakiwapo, viumbe vidogo vyaweza kuwapo. Chombo kinachopelekwa mahali kama hapo sharti kisafishwe mno kisije kikabeba vijidudu vya dunia. Mwanaanga atakayetumwa huko siku moja atahitaji kujua ikiwa atapata maji au atapata mchanga. Kusoma picha vibaya kwaweza kugharimu maisha.

Picha zinapookoa jahazi

Manufaa ya kusoma vyema yameshaonekana. Chombo cha Phoenix kilipokuwa kikiandaliwa, eneo lililopendekezwa awali karibu na ncha ya kaskazini lilionekana tambarare katika picha za zamani. HiRISE ilipolitazama mnamo 2006, ikaonyesha mawe makubwa tele. Eneo hilo liliachwa, likatafutwa jingine, na Phoenix ikatua salama Mei 25, 2008.

Vivyo hivyo, roboti ya Perseverance ilitua Februari 18, 2021 ndani ya kreta ya Jezero, yenye upana wa kilomita 45 hivi. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa picha za kutoka juu zilionyesha delta, yaani tope lililorundikwa na mto ulipoingia ziwani. Ilipokuwa ikishuka, roboti hiyo ililinganisha ardhi iliyoiona na ramani iliyotengenezwa kwa picha hizo, ikajielekeza mahali pasipo na hatari.

Wakati mwingine ushahidi wa picha hukutana na ushahidi wa aina nyingine. Desemba 24, 2021, chombo cha InSight kilichokuwa kimetua Mirihi kilinasa mtetemeko wa kipimo cha 4. Februari 2022, wataalamu wanaochunguza picha za CTX waligundua kreta mpya yenye upana wa mita 150 hivi.

Picha za kila siku za kamera ya hali ya hewa zilionyesha kuwa kreta hiyo haikuwapo siku moja, na ilikuwapo siku iliyofuata. Siku hiyo ndiyo ya mtetemeko. Aidha, HiRISE ilionyesha mapande meupe ya barafu yaliyorushwa kutoka chini ya ardhi. Kishindo kilichosikika upande mmoja wa sayari kilikuwa kimepata chanzo chake.

Lakini labda hakuna kisa kigusacho moyo kama cha Beagle 2. Chombo hicho kidogo cha Uingereza kilitarajiwa kutua siku ya Krismasi ya 2003. Hakikutoa sauti yoyote. Wengi waliamini kuwa kilianguka na kuvunjika, na lawama zikawaandama waliokiunda, akiwamo kiongozi wao, Profesa Colin Pillinger.

Januari 2015, ikatangazwa kuwa Beagle 2 kimeonekana katika picha za HiRISE. Kilikuwa na upana usiofika mita mbili, hivyo kilionekana kama nukta chache zinazong'aa. Picha kadhaa zilizopigwa jua likiwa pembe tofauti zililinganishwa hadi shaka ikapungua. Eneo hilo lilikuwa limepigwa picha kufuatia maombi ya mtu aliyetumia mpango unaowaruhusu watu wa kawaida kupendekeza mahali pa kuelekeza kamera.

Kumbe Beagle 2 kilikuwa kimetua. Baadhi ya paneli zake za sola zilikuwa zimefunguka, ila si zote, na antena ilikuwa chini ya zile zilizokwama. Kilifika salama, kikakosa namna ya kusema. Profesa Pillinger hakuyasikia hayo, kwani alifariki Mei 2014, miezi minane kabla ya tangazo hilo.

Elimu hii si ya kigeni kwetu. Jijini Nairobi kuna kituo cha kieneo cha RCMRD, kilichoanzishwa 1975, ambacho husaidia nchi za Afrika kutumia picha za setilaiti kuchora ramani na kufuatilia rasilmali. Mnamo Aprili 2023, Kenya ilirusha setilaiti yake ya Taifa-1 ili kuitazama dunia kutoka juu.

Anayetafuta ukame, mafuriko au msitu uliokatwa katika picha hizo huzingatia kanuni zile zile. Huuliza jua lilikuwa wapi, picha ilipigwa lini, mahali hapo palikuwaje mwaka jana, na waliofika huko kwa miguu wanasemaje. Kivuli cha wingu chaweza kudhaniwa kuwa ziwa, na shamba lililovunwa likadhaniwa kuwa limekauka.

Kwa hivyo, utakapoonyeshwa picha nyingine ya ajabu kutoka Mirihi, usikimbilie kuamini wala kubeza. Uliza mwanga ulitoka upande gani, nukta moja ni mita ngapi, rangi hizo ni za nini, na kama mahali hapo pamewahi kupigwa picha zaidi ya mara moja. Majibu ya maswali hayo ndiyo yaliyoifuta mifereji ya Lowell, yakaugeuza uso wa Cydonia kuwa kilima, na yakaonyesha kuwa Beagle 2 kilitua.